Anayehama na Anayeondoka

Anayetafuta uharibifu wa mazingira uletwao na viwanda hawezi kuanzia Banissa. Kona hii ya kaunti ya Mandera, inayopakana na Ethiopia, ni nchi ya ngamia, mbuzi na miti ya ubani. Kaskazini yake unapita mto Daua, na kandokando ya mto huo iko hifadhi ya taifa ya Malka Mari, iliyotangazwa mwaka 1989 na ambayo Wakenya wengi hawajapata kuisikia. Hata hivyo, swali la nani anaharibu ardhi lina haki ya kuulizwa hapa, kwa sababu watu wa nchi kama hii walihukumiwa kuwa waharibifu kabla mwenye kiwanda hajaulizwa lolote.

Mwaka 1968, mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala katika jarida la Science akimfanya mfugaji kuwa mfano wa mtu anayeangamiza mali ya wote. Kila mfugaji, alidai, huongeza mnyama mmoja zaidi kwa kuwa faida ni yake peke yake na hasara inagawanywa kwa wote, hadi malisho yanakwisha. Hoja hiyo iliwavutia sana maofisa wa serikali na wafadhili waliotaka wafugaji watulie mahali pamoja na ardhi igawanywe vipandevipande. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, ndiye aliyeonyesha kasoro yake: Hardin alizungumzia malisho yasiyo na sheria wala msimamizi, ilhali sehemu nyingi duniani watu wanaotumia mali kwa pamoja wamejiwekea kanuni na wanazifuata.

Kaskazini mwa Kenya kanuni hizo zipo, na kisimani ndipo zinapoonekana waziwazi. Kwa Waborana, ambao Wagarre wa Banissa wamekuwa jirani zao kwa vizazi, aliyechimba kisima anajulikana na ukoo wake unajulikana, lakini umiliki huo haumpi ruhusa ya kumfukuza mwenye kiu. Kuna mtu mwenye kazi ya kupanga zamu. Katika visima virefu vijana hujipanga kuanzia chini hadi juu, wakipokezana ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba, na maji yakamiminwa kwenye hori la udongo. Kundi moja linakunywa, jingine linazuiwa kwa mbali, wanyama wakinusa maji na kusukumana, mchungaji akiwatuliza kwa sauti na fimbo. Zamu ikishapangwa, mwenye mifugo mingi anasubiri sawa na mwenye michache.

Mfugaji huyu anahama, na hapo ndipo waliomshtaki walipokosea. Walimwona kama mtu asiye na uchungu na ardhi, anayekula na kusonga mbele. Kumbe anahama ili arudi. Nyasi anazoziacha leo ndizo atakazozitegemea mvua nyingine ikinyesha, na mbuzi wake wakizila hadi mizizi, ni mbuzi hao hao watakaolala njaa. Uangalifu wake hautokani na wema wa moyo tu. Unatokana na kujua kwamba atakuja kukutana na alichokifanya. Kwangu mimi, hili ndilo shina la suala zima la kutumia rasilimali bila kuzimaliza, na mikutano mingi ya mazingira hulipita bila kuligusa.

Sasa mpime mwenye kiwanda kwa kipimo hicho. Mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Kilifungwa mwaka 2014. Madini ya risasi yakabaki kwenye udongo na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, rufaa ikafuata, uamuzi ukatenguliwa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024, miaka 10 baada ya milango ya kiwanda kufungwa. Mfugaji aliyeelezwa na Hardin ni huyu hasa: faida ni yake, hasara ni ya kijiji, na hakuna malisho yanayomlazimu kurudi.

Ni haki kusema pia kwamba Banissa yenyewe imeguswa na uharibifu wa ardhi. Visima vya mashine na silanga vimeokoa maisha kaskazini yote, na katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, hali ingekuwa mbaya zaidi bila ya maji hayo. Lakini maji ya kudumu huwafanya watu na mifugo wakae pale pale. Malisho yaliyokuwa yakipumzika kwa kukosa maji sasa yanaliwa mwaka mzima, na kuzunguka kisima unabaki udongo mtupu na visiki. Kwa hiyo kurudi peke yake hakutoshi. Lazima pawepo kipindi ambacho ardhi inaachwa ipumzike. Wanaotaka baadhi ya visima vifungwe wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa ukame wana haki, hata kama shauri lao halimpi mwanasiasa kura.

Swali la anayeondoka nalo huenda likafika huku, kwa sababu Mandera imo katika ramani ya vitalu vya kutafutia mafuta. Huko Turkana mafuta yaligunduliwa mwaka 2012, na Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea jamii ya mahali asilimia 5 ya mapato ya serikali. Lakini mgao wa mapato haumfungi mchimbaji kwa ardhi aliyoichimba. Kinachomfunga ni dhamana ya fedha inayowekwa kabla ya kuchimba, nami naona isirudishwe mpaka wale wanaolisha pale, miaka kadhaa baadaye, waseme nyasi zimeota.

Ili waweze kusema hivyo, ardhi lazima iwe yao kisheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii hiyo, pamoja na fidia yoyote itakayolipwa kwa ajili yake. Wazee, akina mama na vijana wa Banissa: iteni mkutano, chagueni kamati yenu ya watu 7 hadi 15 kama sheria inavyotaka, na ombeni usajili sasa, kabla mitambo ya kuchimba haijafika.