Utakatifu Haubaki Mlangoni pa Hekalu

Masomo: Walawi 19:1-2 na 35-36, Isaya 6:1-8, Amosi 8:4-6



Kila mmoja wetu anajua kuvua viatu. Mtoto wa Kikimbangu hajui bado kuhesabu mpaka kumi, lakini akifika mahali pa sala ameisha kuinama na kufungua kamba. Mama anafunika kichwa, baba anatoa saa mkononi. Na yule aliyepata neema ya kufika Nkamba, Yerusalemu Mpya, anajua ya kuwa kule tunatembea kwa miguu mitupu. Watu wa nje wanatuuliza sababu, na jibu letu ni fupi: Musa aliamriwa vile mbele ya kijiti kilichowaka bila kuteketea (Kutoka 3), na Yoshua naye vilevile karibu na Yeriko (Yoshua 5). Sisi hatukubuni kitu.

Lakini viatu vinarudi mguuni. Sala inakwisha, baraka inatolewa, fanfari inapiga, kila mtu anatafuta viatu vyake na kwenda zake. Hapo ndipo tunapenda tusimame kidogo pamoja nanyi. Je, utakatifu wa Mungu unatoka nasi, ao unabaki pale tulipopanga viatu?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiebrania, lugha ya manabii, kitu kitakatifu ni kitu kilichotengwa, kisichochanganywa na kingine. Mungu ni Mtakatifu kwa sababu hana mwenzake, hafanani na kitu chochote alichoumba. Kiswahili chetu kimepita njia nyingine: mtakatifu anatoka katika kutakata, kama nguo iliyofuliwa ikaanikwa juani. Tunahitaji maana hizo zote mbili. Anayeshika ya kwanza peke yake atakuwa Mfarisayo. Atajitenga na watu, atakunja uso, ataogopa hata kumsalimia mlevi njiani. Anayeshika ya pili peke yake atafua nguo nyeupe, atapiga pasi vizuri, na kufikiri kazi imekwisha.

Nabii Isaya alimwona Bwana katika mwaka aliokufa mfalme Uzia. Tukumbuke Uzia alikuwa nani: mfalme aliyejiona mkubwa mpaka akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake, akatoka na ukoma katika paji la uso (2 Nyakati 26). Mtu anaweza kuingia mahali patakatifu na kutoka mchafu kuliko alivyoingia! Isaya yeye alipoona, hakusema kwamba amebarikiwa. Alisema amepotea, kwa sababu midomo yake ni michafu na anakaa kati ya watu wenye midomo michafu. Na serafi alipokuja na kaa la moto kutoka madhabahuni, alimgusa wapi? Hakumgusa miguu. Hakumgusa kichwa. Alimgusa midomo.

Wapendwa, nabii anafanya kazi kwa kinywa. Moto wa Mungu uligusa chombo chake cha kazi. Basi ukija leo kwetu utagusa nini? Mwalimu utamgusa kalamu ile anayoandika nayo pointi za wanafunzi. Dereva utamgusa usukani, na polisi mkono ule anaosimamishia gari. Mama wa sokoni utamgusa meka yake ya kupimia unga, hasa ile iliyobonyezwa chini kwa nyundo ili ijae upesi. Na sisi mashemasi utatugusa daftari la hesabu. Ni baada ya kaa hilo tu ndipo Isaya alisikia sauti ya Bwana ikitafuta mtu wa kutuma, akajitoa. Angalieni utaratibu: kwanza moto, kisha safari. Wengi kati yetu tunapenda kutumwa, tunapenda kampeni na mikutano ya uinjilisti, lakini kaa la moto tunaomba lipite kwa jirani.

Sasa tufungue Walawi 19. Bwana anamwambia Musa aseme na mkutano wote wa Israeli, si na makuhani peke yao, wawe watakatifu kwa kuwa yeye ni Mtakatifu. Mtu angengoja kwamba baada ya maneno makubwa hivi yatafuata mambo ya uvumba na mavazi. Soma mwenyewe. Kuna kuheshimu mama na baba. Kuna kuacha masuke pembeni mwa shamba kwa ajili ya maskini na mgeni. Kuna mshahara wa kibarua usiolala kwako mpaka asubuhi. Kuna kutomlaani kiziwi, ambaye hata hasikii unachosema, na kutomwekea kipofu kikwazo. Na karibu na mwisho wa sura kuna mizani ya haki, mawe ya kupimia ya haki, na vipimo vya haki. Mizani imo katika sura ya utakatifu! Mungu hakuona aibu kuweka jina lake karibu na kilo.

Na sisi tuna sababu zaidi ya kuelewa jambo hili. Tangu tarehe 6 Aprili 1971, Ushirika Mtakatifu ulipofanyika mara ya kwanza katika Kanisa letu, mkate wetu ni wa viazi, mahindi na ndizi, na kinywaji ni asali na maji. Ni vitu vya mashamba yetu. Kama mahindi yale yanaweza kuwekwa mezani pa Bwana, je, falanga za mahindi yale yale sokoni ni za nani? Nabii Zekaria aliona siku ambayo hata njuga za farasi na vyungu vya jikoni vitakuwa vitakatifu kwa Bwana (Zekaria 14). Hakuna sehemu ya maisha ambayo Mungu anatuachia tufanye tunavyotaka.

Tukitaka kuona namna utakatifu unavyofanya kazi ya utume, tutazame nyuma. Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, Mama Kiantondo aliponywa kwa jina la Yesu kwa mikono ya Simon Kimbangu, na watu wakaanza kukimbilia Nkamba. Tunasimulia sana uponyaji, na ni haki. Lakini historia inasimulia pia jambo ambalo tunalipita upesi: watu walitupa minkisi yao, waliacha ngoma za usiku, na wenye wake wengi walianza kuishi na mmoja. Hakuna askari aliyewalazimisha. Kazi ile ya wazi ilidumu miezi kidogo tu. Tarehe 12 Septemba 1921 Simon Kimbangu alishikwa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na mfungwa akaletwa huku kwetu Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30.

Na wafuasi wake? Walipelekwa uhamishoni, mbali na kwao, wengine Lowa, wengine Ekafera, wengine Kasaji hapa hapa Katanga. Serikali ya Wabeleji ilifikiri inazima moto kwa kutawanya kuni, kumbe kila ukuni ulikwenda na kaa lake. Mikutano yao ilikatazwa. Mtu aliyekatazwa kuhubiri anabakiwa na nini? Anabakiwa na maisha yake: namna anavyolima, namna anavyolipa deni, namna anavyokaa na mke wake, namna anavyomjibu mlinzi anayemtukana. Mahubiri hayo hayahitaji ruhusa ya serikali. Ndiyo maana mahali pengi Kanisa lilikuwa limeota kabla ya kutambuliwa tarehe 24 Desemba 1959.

Tunasema haya kwa sababu ya jambo lililofika mbele yetu mwaka huu, na wengi wenu mmelisikia nusu nusu.

Ndugu mmoja wa kikundi cha waimbaji alikuwa karani katika depo moja ya kununua mawe ya kobalti, kando ya barabara. Wachimbaji wanafika pale na mifuko juu ya kinga na pikipiki, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Kuna mizani ya kilo, na kuna mashine ndogo ya mkononi inayosoma kiasi cha kobalti kilichomo ndani ya jiwe. Bei inafuata namba ile. Mchimbaji haioni namba, ao akiiona hawezi kubishana na mashine ya watu. Tajiri wa depo alitoa amri: mashine ikisoma tatu, andika mbili, mizani ikisoma kilo 50, toa tano, useme ni uzito wa maji.

Ndugu yetu alipokuja kwa mashemasi hakulia. Aliuliza tu: «Papa shemasi, mimi falanga ile siigusi. Naandika tu ninachoambiwa. Dhambi ni yangu ao ni ya tajiri?»

Mzee mmoja alisema: kazi ni haba, kijana ana watoto wanne, abaki pale, atoe fungu la kumi na kuomba rehema. Hatukumdharau mzee huyo. Njaa anaijua kuliko sisi. Lakini fungu la kumi la wizi ni wizi ule ule, umekatwa tu. Mwingine alisema: aache kazi leo leo. Neno hilo lilikuwa la kweli, ila aliyelisema alikuwa na mshahara wake.

Tulimwonyesha wakunga wale wawili, Shifra na Pua (Kutoka 1). Farao aliwaamuru kuua watoto wa kiume. Wangeweza kusema kwamba amri ni ya mfalme, mikono tu ndiyo yao. Walimcha Mungu, hawakufanya. Tukamwambia: tajiri ana depo, lakini kalamu iko katika vidole vyako, na vidole hivyo ndivyo unavyoviinua ukimwimbia Mungu. Kisha tukamwambia neno la pili, ambalo lilitugharimu kulisema: ukifukuzwa kwa ajili ya haki, nyumba yako ni mzigo wetu.

Alirudi depo. Siku mbili aliandika kile ambacho mashine ilisoma. Siku ya tatu aliambiwa asirudi tena.

Sasa anauza makala kwa kinga. Mwingine amekaa katika kiti chake pale depo. Wachimbaji hawajui kitu, hakuna aliyekuja kushukuru. Hatutawaambia kwamba Mungu amempa kazi nzuri kuliko ile, kwa sababu bado hajampa. Nabii Amosi aliwaona watu waliokaa katika siku ya Bwana wakihesabu saa, wakitamani Sabato ipite upesi ili wakafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei na kudanganya kwa mizani. Watu hao waliimba pia, na sauti zao bila shaka zilikuwa nzuri. Mungu aliapa kwamba hatasahau hata moja ya matendo yao. Kati ya sauti hizo na sauti ya ndugu huyu wa makala, tunajua ni ipi tunayotaka isikike katika kikundi chetu.

Kuna wanaosema utakatifu ni jambo la kila mtu na Mungu wake. Tunakataa. Agizo la Walawi lilipewa mkutano wote. Kama mmoja anasimama kwa haki na sisi tunamtazama akianguka na watoto wake, hapo tumemwachia yeye peke yake utakatifu ambao ni wetu sote. Kwa nsinsani tumejenga mahekalu na masomo. Hekalu kubwa la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, limesimama kwa mikono na matoleo ya watu kama sisi. Tunajua kushindana kwa kutoa, wamama dhidi ya wababa, vijana dhidi ya wazee, mpaka jasho na kicheko. Upendo, Amri, Kazi: maneno hayo matatu tunayarudilia kila mara. Hapa yamekutana yote katika nyumba moja.

Kwa hiyo nsinsani ya Jumapili ijayo itakuwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Watoto wawili wadogo wako masomo ya msingi ya serikali, ambayo ni bure tangu 2019, lakini wakubwa wawili wako sekondari na minervali yao haijalipwa. Tunataka kuimaliza mpaka mwezi wa sita. Jina lake halitatajwa, naye ameomba asisimamishwe mbele.

Tunaomba jambo moja. Bwana Yesu alifundisha ya kuwa mtu akileta sadaka madhabahuni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale, aende kwanza kwa ndugu (Mathayo 5). Kama kuna kati yetu anayemdai mchimbaji kilo tano za maji yasiyokuwapo, ao aliye na meka iliyobonyezwa, aanzie huko. Kapu litakuwa mezani pa mashemasi tangu sala ya asubuhi mpaka jua linatua, kwa ajili ya yule atakayehitaji kupita sokoni kwanza.