Tusiridhike na "OK"

Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana zikiwa ardhini katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania. Watu 583 walifariki, na hadi leo hakuna ajali nyingine ya ndege iliyoua wengi kiasi hicho. Ndege zote mbili zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mawasiliano, na katikati yake lilikuwamo neno fupi ambalo mimi na wewe tunalitamka kutwa: "OK".

Neno hili lilianza kama mzaha. Machi 23, 1839, gazeti la Boston Morning Post la Marekani lilichapisha herufi hizo zikiwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "yote sahihi", yaliyokosewa tahajia makusudi. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa mji wa Kinderhook, wakalifanya la kampeni, kwa kuwa jina lake la utani, Old Kinderhook, lilianza na herufi zizo hizo. Likaenea duniani, na kila lilipofika likaongezewa maana: nimesikia, nimekubali, endelea, inatosha, haya tuone. Kwenye soga, wingi huo wa maana haudhuru. Kwenye kazi inayobeba roho za watu, unaua.

Siku ile ya ajali, ndege nyingi zilikuwa zimeelekezwa Tenerife baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria. Maegesho yalijaa, ukungu ukatanda, na kutoka mnara wa kuongozea ndege njia ya kurukia haikuonekana. Ndege ya shirika la KLM ilisimama mwisho wa njia hiyo, tayari kuondoka. Ile ya shirika la Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo, ikielekea upande wa KLM.

Onyo la kwanza lilikuja mapema. Rubani mkuu wa KLM alipoanza kusukuma injini, msaidizi wake alimkumbusha kwamba ruhusa bado. Akasita, ruhusa ikaombwa. Mnara ukatoa maelezo ya njia ya kufuata angani, ambayo si ruhusa ya kuruka. Ila ndani ya maelezo hayo neno "kuruka" lilitajwa, na mwenye haraka husikia anachokisubiri. Msaidizi aliyarudia maelezo, kisha akamalizia kwa maneno yasiyoeleweka vizuri, kwamba sasa wako kwenye kuruka. Je, wako tayari kuruka, au wameshaanza? Rubani mkuu alikwisha kusema, "Twende."

Mwongoza ndege akajibu: "OK." Akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wasubiri hadi awaite. Wakati huo huo Pan Am nao waliita kueleza kwamba bado wako kwenye njia ya kurukia. Sauti mbili zikagongana redioni, na ndani ya KLM ukasikika mlio mkali. Kilichowafikia sawasawa ni ile "OK" tu.

Onyo la mwisho lilitoka ndani ya chumba chao wenyewe. Mhandisi wa ndege alisikia Pan Am wakiahidi kutoa taarifa watakapotoka njiani, akauliza: kwani hawajatoka? Rubani mkuu, ambaye pia alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa ndege hizo, akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Sekunde chache baadaye wakagongana. Katika KLM hakupona hata mmoja kati ya 248. Katika Pan Am walipona 61.

Ndugu msomaji, tusiharakishe kuwahukumu. Uchovu, haraka, na heshima kwa mkubwa tunavyo sote. Mimi na wewe tungeweza kukaa kwenye viti vile tukaitika vile vile.

Wataalamu wa anga walijifunza. Leo neno la "kuruka" halitamkwi redioni ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Maagizo muhimu hurudiwa na aliyeyapokea, badala ya kuitikiwa kwa "OK". Wadogo hufundishwa kuhoji, na wakubwa kusikiliza.

Nasi tuna redio zetu. Utingo amesimama nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume, anapaza sauti, "Okei, okei!" Anamwambia dereva aje, au asimame? Muuguzi anatajiwa dozi kwa simu, anaitika "okei". Amesikia kumi, au kumi na moja? Tuzoee kuuliza na kurudia: "Umesema vidonge viwili, asubuhi na jioni, ndivyo?" Na mdogo akituuliza swali wakati tuna haraka, tusimjibu kabla hatujahakikisha. Huenda ameona tusichokiona.