Mimbari Iliyo Mfukoni Mwako



Mwaka 2021, uchaguzi ulipokuwa unakaribia, maaskofu wetu hapa Kenya walisema wazi kwamba wanasiasa wasipewe mimbari ya kanisa kufanyia kampeni. Waje wasali, wakae kwenye benchi kama waumini wengine, basi. Sasa tunaelekea uchaguzi wa 2027, na swali langu ni hili: mimbari ya kanisani imefungwa, je, hiyo iliyo mfukoni mwako? Mheshimiwa aliyenyimwa maikrofoni parokiani anaingia kiulaini kwenye grupu la kwaya kupitia video uliyoisambaza wewe, hata kabla hujafika nyumbani kutoka Misa.

Tuelewane. Chama kutafuta kura mtandaoni si dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, unawasifu wanaojitoa kuwatumikia watu kwa njia ya siasa. Ukiweza kusoma manifesto kwenye simu, au kumwuliza mwaniaji swali la karo na kazi akujibu mbele ya wote, hiyo ni faida kwetu.

Shida inaanzia kwingine. Mtandaoni, ujumbe unaokasirisha hupata majibu mengi, na unaopata majibu mengi husukumwa mbele zaidi. Wenye kampeni wanalijua hilo. Machi 2018, runinga ya Channel 4 ya Uingereza iliwanasa kwa kamera ya siri wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijigamba kuhusu kazi waliyofanya katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Mmoja wao alieleza kwamba haifai kupigania uchaguzi kwa ukweli wa mambo, kwa sababu kinachoamua ni hisia. Mwaka 2021, utafiti wa Mozilla Foundation ulionyesha Wakenya wakilipwa kama dola 10 hadi 15 kusukuma hashtegi za uongo kwenye Twitter. Si vigumu kuelewa kwa nini kijana asiye na kazi anakubali. Lakini bei ya jina la mtu haiwezi kuwa hiyo.

Hila yenyewe ni ya kale. Katika Gorgias ya Plato, Sokrate anafananisha jambo hili na mpishi anayeshtakiana na daktari mbele ya watoto. Mpishi anashinda, maana yeye hutoa vitamu, ilhali daktari hutoa dawa chungu.

Na kwetu haya si masihara. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100. Wakati huo hakukuwa na WhatsApp, lakini chuki ya kikabila ilisafiri kwa ujumbe mfupi wa simu. Miongoni mwa waliofukuzana walikuwemo waliokuwa wakipeana amani katika Misa moja.

Tunajitetea vipi? “Nimetuma kama nilivyopokea.” Ndugu yangu, hayo ni maji ya Pilato. Katekisimu, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya jina la jirani. La kwanza ni kuamini ubaya wake bila msingi wa kutosha, hata kama ni moyoni tu. La pili ni kuanika makosa yake kwa wasioyajua, bila sababu ya haki. La tatu ni kumsingizia uongo. Ona kwamba mawili ya kwanza hayahitaji hata wewe kutunga uongo. Na jirani ni pamoja na mwaniaji wa mrengo usioupenda, pamoja na kabila lake.

Kuna jambo moja tunalisahau sana. Namba 2487 inafundisha kwamba anayemkosea mtu haki na ukweli ana wajibu wa kurekebisha madhara, hata kama ameshasamehewa. Kwa hiyo ukigundua ulichosambaza ni uongo, kukifuta kimya kimya hakutoshi. Rudi kwenye grupu lile lile, useme: “Habari niliyotuma jana si ya kweli. Naomba msamaha, msiisambaze.” Ndiyo, watakucheka. Wengine wa mrengo wako watakuita msaliti. Hapo ndipo utajua kama unamfuata Kristu au unafuata chama.

Juma hili, fungua simu uangalie ujumbe wa mwisho wa siasa uliotuma. Je, una hakika ni kweli? Unamtendea haki anayetajwa? Ungeweza kuusoma kwa sauti kwenye jumuiya, mbele ya mama wa kabila lile ambaye watoto wake mlipata naye Kipaimara? Mtakatifu Yakobo anasikitika kwamba kinywa kimoja kinambariki Mungu na kuwalaani watu. Siku hizi ni kidole gumba kimoja: asubuhi kinatuma masomo ya siku, jioni kinatuma matusi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyesingiziwa mbele ya Pilato, utupe ujasiri wa kunyamaza pale tusipojua, na wa kusahihisha pale tulipoumiza. Amina.