Sema Mstari Ungali Kwenye Karatasi

Mwanangu, wakiita mkutano wa mpango wa ardhi na barabara za kaunti, nenda. Najua una haraka. Najua mkutano ulioitishwa saa tatu huanza saa tano, na wakubwa husema mpaka jua likawa kali. Umeniambia kwamba wanaokuja kutusikiliza huwa wamekwisha kukata shauri. Wengine pengine wamekwisha. Nenda hivyo hivyo. Kaa nami kidogo nikueleze kwa nini.

Nimeishi Likoni tangu niolewe. Mboga nimeuza Marikiti, kule kisiwani Mombasa. Kwa hiyo alfajiri nilivuka feri na jioni nikavuka tena, na umri wangu mwingi umepita pale. Anayevuka kwa miguu halipi nauli, lakini hulipa kwa kusimama. Hulipa kwa kufika nyumbani watoto wamelala. Kwa siku moja watu zaidi ya 300,000 hupita pale, na kila mtu ana lake la kusema juu ya feri: ni chache, zimechakaa, zimeharibika. Yote kweli. Lakini mtu akisimama sana hufikiri sana, na mimi nimeona kwamba shida yetu haikuanzia majini.

Ilianzia kwenye ardhi. Gati za zamani za Kilindini ziko kisiwani. Maofisi yako kisiwani. Hospitali kubwa iko kisiwani, na soko nililokuwa nikiuzia liko kisiwani. Kisiwa nacho ni kidogo. Kodi za nyumba zikapanda, na sisi wenye pato dogo tukasogea Likoni, Kisauni, Changamwe. Hakuna aliyetuuliza kama tutaweza kuvuka maisha yetu yote. Tulijikuta tunavuka.

Basi nataka ulielewe hili vizuri, maana sisi tulichelewa kulielewa. Ardhi na barabara ni jambo moja. Ukishaamua watu watalala wapi na watafanya kazi wapi, umekwisha kuamua watapita wapi asubuhi na watatumia saa ngapi njiani. Wakikuambia leo tunazungumzia viwanja tu, habari za barabara ngojeni mwezi ujao, inua mkono. Uliza: hao mtakaowajengea nyumba huko, wataendaje kazini? Swali dogo hilo. Laiti lingeulizwa wakati wetu.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Watu 272 walikufa. Siku zile huku kwetu hukupita kichochoro usisikie kilio. Watu wakasema ajali, na ilikuwa ajali. Lakini mimi kila wanapofungua ramani mbele yangu na kusema hizi ni karatasi tu, nawakumbuka wale. Walikuwa watu wa kawaida wanaovuka maji kwenda kutafuta riziki, kwa sababu riziki iliwekwa ng'ambo.

Tazama na upande wa kaskazini. Daraja la zamani la Nyali lilikuwa la kuelea, limejengwa mwaka 1931. Mwaka 1980 likaja hili la sasa, pana na imara. Kule ng'ambo tulikuwa tukijua minazi na mihogo. Daraja lilipokaa, mji ukalifuata. Sisemi ni vibaya, watu wamepata makao. Nasema barabara ikipita, ardhi ya pembeni haibaki ilivyokuwa. Thamani hupanda, madalali huja, na mwenye shamba asiyejua kinachokuja huuza kwa bei ya jana.

Sasa ni zamu ya kusini. Barabara ya Dongo Kundu imekwisha kukata kutoka Miritini, ikavuka Mwache na Mteza hadi Kibundani. Gari latoka Kwale hadi njia ya Nairobi bila kukanyaga feri. Tuliingoja kwa miaka mingi, na nilifurahi ilipofunguliwa. Lakini ukipita kule angalia pembeni mwa lami, utaona bikoni zimekwisha kupandwa. Ploti za futi hamsini kwa mia. Uliza shule itakaa wapi. Uliza makaburi. Uliza njia ya maji ya mvua. Uliza sasa, maana ploti ikishauzwa na ukuta ukasimama, hakuna atakayebomoa ukuta wake ili mtoto wa jirani apate pa kupita.

Haya nayajua kwa sababu sisi ndio tuliozibana njia za mtaa wetu. Kila mmoja alipopata kipande chake alisukuma ua mpaka mwisho, na mwenzake naye akasukuma. Tukaona tumepata futi mbili za bure. Leo gari la zimamoto haliingii. Mgonjwa hubebwa kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani, na mama mwenye uchungu hutembea mwenyewe akishikwa mikono. Hakuna gavana aliyetufanyia hayo. Tulijifanyia.

Kuna wanaokataa kuja mkutanoni kwa sababu nyingine, nao nawaonea huruma. Unajua hapa Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba lakini ardhi iliyo chini yake si yake. Hulipa ijara kwa mwenye ardhi, mwaka baada ya mwaka, baba akamwachia mwana. Mtu wa namna hiyo akisikia mpango wa ardhi husema, mimi sina hati, nitasema nini? Skwota naye husema vivyo hivyo. Waambie, mwanangu. Katiba ya mwaka 2010 ilipolitaka bunge la kaunti liushirikishe umma, haikusema umma wenye hati. Ilisema umma. Anayeamka pale na kulala pale, barabara ikija ndiye itakayempitia mlangoni.

Na kuna jambo la sheria ambalo wachache mtaani wanalijua. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mpango. Kaunti huandika mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Huandika na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, wenye ramani, unaoonyesha wapi makazi, wapi viwanda, wapi mashamba, wapi barabara. Lisilokuwemo humo lina kazi kubwa kupata fedha. Ukienda kwa mwakilishi wadi kulia kwamba mna matope na hamna njia, na njia hiyo haimo katika mpango, atakupa pole na ahadi. Kwa hiyo mahali pa kulilia ni kule mpango unakoandikwa. Fundi cherehani huambiwa urefu wa mkono kabla hajashika mkasi.

Twende Lamu kidogo. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya, barabara, reli na bomba la mafuta. Wenyeji wakaenda mahakamani. Kesi ikiendelea, bahari ikachimbwa, mikoko ikakatwa, na wavuvi wakaona maeneo yao ya uvuvi yakiharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema umma haukushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huko huko Lamu. Sababu moja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa.

Vijana wakisikia habari hiyo hushangilia. Mimi pia nilishangilia. Lakini hesabu miaka. Kesi ya wavuvi ilichukua karibu miaka sita, na hukumu ilipotoka mikoko ilikuwa imekwisha kukatwa. Mahakama yaweza kukupa pesa, haiwezi kukurudishia mazalio ya samaki kesho asubuhi. Wale watu wa Lamu walikuwa na subira kuliko wengi wetu, na bado walichelewa kwa sababu walichelewa kuulizwa. Ndiyo maana nakusihi uende mapema, usingoje kuitwa mara mbili.

Ukifika, usiseme maneno makubwa. Wanaume wa mtaa wetu wakipewa kipaza sauti hupenda kusema maendeleo, maendeleo, wakapigiwa makofi, wakakaa. Mwandishi hana cha kuandika hapo. Nakumbuka mkutano mmoja, mpimaji alikuwa amekwisha kufunga daftari lake. Akasimama mama mmoja kutoka nyuma, muuza samaki, hakuwa amesoma sana. Akasema: pale penye mkwaju watoto wa shule huvuka wakienda darasani, na mvua ya masika ikinyesha maji hufika magotini, nao hupita katikati ya barabara kati ya malori. Akaonyesha kwa mkono. Mpimaji akafungua daftari. Miaka ilipita, na alama za kivuko cha watu wa miguu zikachorwa, si hasa pale aliposema, lakini karibu. Watoto wakajifunza kupita pale.

Wewe pia unajua mambo ambayo mchoraji aliyekaa ofisini hawezi kuyajua. Unajua wapi tuktuk hugeuza. Unajua bodaboda hukaa kivuli gani na kwa nini. Unajua kichochoro ambacho msichana hawezi kukipita baada ya magharibi kwa sababu hakina taa. Hayo ndiyo maoni ya mkazi. Yaseme kwa jina la mahali.

Jiandae pia kumsikia jirani anayetaka kinyume chako. Mwenye lori anataka barabara pana. Mwenye kibanda amekaa kwenye hifadhi ya barabara, na upana huo utamla yeye kwanza. Mzee wa Mji wa Kale hataki magari makubwa yatikise kuta za matumbawe. Kijana anataka ajira, hata ikija na vumbi. Hakuna mjinga kati yao. Mkienda kila mtu na lake mkapigana kelele ukumbini, atakayepita kimya ni yule mwenye pesa aliyekwisha kuonana na watu ofisini. Kaeni nyinyi kwa nyinyi kwanza, barazani, usiku mmoja au zaidi. Mwenye kibanda mwambieni mtamtetea apewe pahala pengine kabla hajaondolewa, si baada ya kuondolewa. Naye atasimama nanyi.

Fidia ni haki, idaini. Ila usiache mkutano wote ukawa wa fidia. Nimeona watu wakilipwa, wakahama, na waliobaki ng'ambo ya lami mpya wakakatika na kisima chao na msikiti wao, kwa sababu siku ya mkutano hakuna aliyeuliza watavuka wapi.

Na kuna kungoja. Daraja kubwa la kutoka Likoni hadi kisiwani, wanaloliita Mombasa Gate, limetajwa miaka mingi. Wakati wa Korona tulipata la kuelea, la watu wa miguu, kati ya Liwatoni na Ras Bofu. Hilo kubwa hadi naandika haya halijajengwa. Fikiria mwenye nyumba aliyeambiwa daraja litampitia. Akitengeneza paa, anahofia kubomolewa. Akitaka kuuza, hakuna anayenunua. Watoto wanakua chini ya paa linalovuja. Mtu huyo ana haki ya kujua tarehe, na kama hakuna tarehe, ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwandikie barua ya kuomba habari hizo, wewe uliyesoma. Yeye hajui aanzie wapi.

Andika, mwanangu. Maneno ya mdomoni yanapotea jioni ile ile. Andika ukurasa mmoja, majirani watie sahihi, upeleke ofisini, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa. Iweke pamoja na vyeti vyako vya shule. Mpango ukitoka, usome, utafute mtaa wako. Usipouona, rudi na nakala yako. Bajeti ikisomwa, rudi tena. Itakuchosha. Utaona waliosoma na wewe wameshanunua magari, na wewe bado unafuatilia mtaro. Mimi sitakucheka.

Na barua ya kwanza naomba iwe hii. Mikutano yetu huitwa asubuhi ya siku ya kazi, na mara nyingi kisiwani, saa ambazo muuza mboga yuko Marikiti na mfanyakazi yuko gatini. Waombe waje huku Likoni, siku ya Jumamosi, baada ya alasiri, feri zikiwa zimeturudisha. Waje na ramani kubwa yenye majina ya mitaa kwa Kiswahili, waitandike ukutani mahali ambapo kina mama wanaweza kuisogelea na kuigusa. Na waiache hapo wiki nzima.