Kiu ya Samaki

Wapo wasemao kwamba kuuliza kama samaki huona kiu ni mzaha, kwani aliyezungukwa na maji atayakosaje. Walakini changu wa bahari yetu, lau angejaliwa kusema, angetwambia kuwa makao yake ni jangwa. Chumvi ya damu yake ni kama theluthi tu ya ile iliyomo baharini, na kwa kuwa maji yana tabia ya kuhama penye chumvi haba kwenda penye chumvi tele, mwili wake huvuja usiku na mchana kwa njia ya matamvua, yale majani mekundu ambayo mwuza samaki huyafunua ili mnunuzi asadiki kuwa kitoweo ni cha leo.

Hana budi kunywa. Mwaka 1930 Homer Smith, mwanachuoni wa Marekani ambaye baadaye alikipa kitabu chake cha mjadala baina ya mtaalamu na padre jina la samaki kamongo wa Ziwa Viktoria, alibainisha kwamba samaki wa baharini humeza maji yale yale ya chumvi. Utumbo huyafyonza, na chumvi nyingi hurudishwa baharini kupitia matamvua. (Papa ana hila yake: huhifadhi damuni taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo, hata maji yakamwingia yenyewe, na harufu kali ya papa aliyekaa chanzo chake ni taka hiyo.) Sato wa maji baridi, kinyume chake, hushinda akiyatoa maji asiyoyataka.

Lakini kunywa si kuona kiu. Wataalamu wa Kijapani walipomhamisha mkunga kutoka maji baridi kumtia katika maji ya bahari, alianza kumeza papo hapo, mwili ukiwa bado haujapungukiwa. Na hata alipoondolewa sehemu ya mbele ya ubongo, aliendelea kumeza. Amali itanguliayo haja, tena isiyoomba ruhusa ya akili, mimi siwezi kuiita kiu. Kiu, kwa dhana yangu, yataka masafa: kiumbe ahisi kwamba akitakacho hakipo hapa bali kiko pale, kisha ainuke akiendee, na changu hana pale.

Yupo hata hivyo samaki mdogo wa mikokoni, mwenye macho ya kutokeza utosini, arukaye juu ya tope maji yakipwa. Huyu hubeba funda la maji kinywani, na imethibitika kwamba kinywa kikimkauka huiacha nchi kavu akarejea majini. Hapo nalitumia neno kiu bila ya haya. Watakaopinga kwamba hilo nalo ni jambo la mishipa ya fahamu tu, nitawauliza kiu yao wenyewe, alasiri ya Ramadhani, ni jambo la nini.