Fidia na Mizani Yake

Yako maneno yanayotumika kila siku sokoni, mahakamani na nyumbani, lakini ni wachache wanaosimama kuyauliza yamebeba nini. Fidia ni moja katika maneno hayo. Asili yake ni Kiarabu, na huko lilihusu mali itolewayo ili mateka aachiliwe huru. Katika Kiswahili maana yake imepanuka. Kufidia ni kutia kitu katika sahani moja ya mizani ili usawa uliovunjika urudi. Mwalimu aliyeugua hufidia vipindi vilivyopotea. Faida ya duka moja hufidia hasara ya jingine. Mzee Mwislamu asiyeweza tena kufunga Ramadhani hulisha maskini mmoja kwa kila siku anayoikosa, na tendo hilo pia huitwa fidia.

Yafaa tulitenge neno hili na jirani zake. Bei hulipwa kwa kitu ambacho mwenyewe alikubali kukiuza; fidia hutolewa kwa kitu kilichomtoka mtu bila ya ridhaa yake. Kisasi nacho hujifanya ndugu wa fidia, kwa kuwa vyote viwili hudai usawa, lakini tofauti yao ni kubwa. Ng'ombe wangu akila mahindi yako, nawe ukamwua ng'ombe huyo kwa hasira, hasara moja imekuwa mbili, na ghala lako lingali tupu. Nikikupa gunia la mahindi, hasara imehama kwako ikaja kwangu, mahali inapostahili kukaa. Kisasi humwaga sahani iliyojaa. Fidia huijaza iliyo tupu.

Mahindi hupimika kwa kilo. Tuseme nini basi juu ya vitu visivyopimika: mguu uliokatika, jina lililochafuliwa, miaka iliyoliwa na kifungo kisicho cha haki? Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wako watu wanaoishika methali hii wakadai kwamba fidia ya mambo kama hayo ni upuuzi, maana hakuna fedha inayolingana nayo. Hoja yao ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba fedha haziotishi mguu. Lakini tukikataa fidia kwa sababu hasara ni kubwa mno, tutakuwa tumempa nafuu kubwa zaidi aliyetenda ubaya mkubwa zaidi. Mwizi wa kuku angelipa, na mtesaji angekwenda zake.

Kwa hiyo swali la kwanza si kiasi gani, bali ni nani aliyepoteza. Historia inatuonyesha jinsi swali hili linavyoweza kujibiwa kinyume. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, pauni milioni 20 zilitengwa kuwa fidia, nazo zilikuwa za mabwana. Mwaka 1897 huko Unguja na Pemba, na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya, utumwa ulipoondolewa kisheria, fidia ilikuwa ya mabwana vilevile. Mtu aliyelima mikarafuu au minazi ya mwenziwe miaka mingi bila ujira hakuhesabiwa kuwa amepoteza kitu. Neno lilitumika, mizani ilitajwa, na fedha ziliwekwa katika sahani iliyokuwa imekwisha kujaa.

Mfano wa pili una sura nyingine. Mwezi wa Juni mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Wengi wao walikuwa wazee, na miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita. Aliye na hesabu ndogo ataona kwamba ukigawa fedha hizo, fungu la kila mmoja haliwezi kununua ujana uliopotea. Hata hivyo fedha hizo hazikwenda peke yake. Siku hiyohiyo serikali hiyo ilikiri mbele ya Bunge lake kwamba watu hao waliteswa, na ikatamka majuto yake. Fidia ya kitu kisichopimika ina viungo viwili, mali na ungamo. Mali bila ya ungamo hufanana na bei ya kumnyamazisha mtu. Ungamo bila ya mali ni maneno ya bure.

Siku hizi neno hili limepata kazi mpya. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji hutunza mikoko, na hewa ya kaboni inayozuiliwa na miti hiyo huuzwa kwa watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Hapa kipimo kipo, maana anga ni moja, na kaboni iliyozuiwa Kwale inapunguza mzigo wa dunia nzima. Wanakijiji nao hupata fedha za maji na za shule. Lakini hatari iko katika nia ya mnunuzi. Anayepunguza moshi wake kadiri awezavyo, kisha akafidia uliobaki, ametumia neno kwa haki. Anayeuongeza kwa kuwa amekwisha kulipa ameigeuza fidia kuwa kibali.

Ninyi vijana mtakutana na hatari hiyohiyo katika mambo madogo. Mwanafunzi anayeiba majibu katika mtihani, kisha akatoa sadaka kwa ombaomba njiani, huenda akahisi kwamba mizani yake imelingana. Haikulingana. Ombaomba hakuibiwa kitu katika chumba cha mtihani. Walioibiwa ni wenzake waliofanya kazi kwa jasho lao. Wema wake ni wema, lakini haukuanguka katika sahani iliyopunguzwa.

Basi mtu akikuambia kwamba jambo fulani limefidiwa, muulize ni nini kilichopotea, kilimpotea nani, na kilicholipwa kimefika mikononi mwa nani. Majibu yakikutana kwa mtu mmoja, neno limesema kweli.