Wakili na Shamba la Mjane

Wazazi Wakristu wa Namtumbo, kama wa popote nchini, hufurahi mwana wao akitunukiwa shahada ya sheria. Nasi twafurahi pamoja nao. Lakini twauliza: akiisha kufungua ofisi yake, mlango atamfungulia nani?

Mkulima wa tumbaku au mahindi hana neno na mahakama mpaka siku mpaka wa shamba unaposogezwa, au mume anapofariki na shemeji wakamwamuru mjane afungashe. Kumbe Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humpa mwanamke haki sawa na mwanamume! Ila nani amweleze?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Ni vema, lakini wakili asijifiche nyuma yao.

Hatusemi afanye kazi bure. Ana karani wa kulipa, ana pango, ana watoto. Mtakatifu Ivo, padre wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1303, aliwatetea maskini bila malipo. Si kila mtu ni Ivo. Twataka ada itajwe tangu mwanzo kwa maneno ambayo mteja ayaelewa, shauri lisirefushwe kwa tamaa, na wanaoweza kupatana wapatanishwe kabla hawajamaliza nauli kwenda Songea. Tena siku moja ya juma iwe ya wasio na kitu, nayo ihesabiwe katika gharama za ofisi kama pango, si sadaka ya mabaki.

Mvua za Ruvuma huanza Novemba au Desemba. Mjane asiye na shamba siku hizo, mwakani hana mavuno.